Nyumba Ambayo Mkwe Haingii

Jumatatu, 5 Agosti 1991

Barua imefika! Stempu ya Denmaki, yenye kichwa cha malkia. Karani wa posta alinikabidhi kwa mikono miwili. Nimeisoma mara saba, mbili kati ya hizo nikiwa nimesimama.

Anakuja! Bi. Kirsten, mwandishi wa vitabu vya wasafiri. Anasema pwani ameshaiandika mpaka mchanga umeingia kwenye taipureta yake. Zanzibar kila mtu anaijua, Mombasa kila mtu anaijua. Sasa anataka miji ya kale ya bara, ile niliyomweleza mwezi wa tatu katika barua yangu ya kurasa kumi na moja: Musoma, Bunda na Butiama. Atafika Jumatano kwa basi la Mwanza. Akiridhika, kampuni ya watalii anayoiwakilisha itanipa barua ya uwakala. Yenye nembo! Yenye muhuri!

Barua hiyo naitaka kuliko chakula. Hii ni wiki ya nne tangu mke wangu Dafroza amchukue binti yetu Justina na begi la bluu, akaenda kwao Butiama. Hakugombana. Afadhali angegombana. Alisema tu amechoka kuolewa na mipango. Nilikuwa mtunza ghala wa duka la ushirika miaka minane, duka likafungwa. Tangu hapo nimefuga bata, nimeuza barafu bila kuwa na jokofu, nimefungua shule ya udereva bila gari. Zamani kazi ilikuwepo na sukari hakuna. Sasa maduka yamejaa sukari, biashara ruksa kwa kila mtu, na mimi nashinda nyumbani Nyakato, hapa Musoma, nikihesabu mabati.

Kaka yake Dafroza, shemeji Magige, ameleta ujumbe. Jumapili tarehe 11 ukoo utakaa. Niende na ushahidi wa kazi: karatasi yenye muhuri, siyo maneno. Nikikosa, ng'ombe watarudishwa, ndoa imekwisha, na Dafroza ataolewa na mtu mwingine. Nasikia huyo mtu yupo tayari na ana mashine ya kusaga. Namchukia yeye na mashine yake.

Kuna tatizo moja dogo. Bi. Kirsten anamaliza kwa kusema kwamba kinachomvuta kuliko vyote ni ile nyumba ya mawe ya Butiama, hasa dari yake ya mbao za kuchongwa, kitanda cha shaba cha enzi za Wajerumani, na saa kubwa ya ukutani inayopiga kila nusu saa.

Nyumba ipo, hilo si uongo. Aliijenga babu yake Dafroza, fundi mwashi. Ya mawe kweli, madirisha ya upinde kweli. Lakini ndimo anamolala mama mkwe wangu, Mama Getruda, na kwetu mkwe haingii nyumba anamolala mama mkwe wake. Hata mkikutana njiani, unaingia porini apite. Nina miaka tisa katika ndoa na naishia kwenye zizi. Ndani kuna nini, sijui. Dari, kitanda na saa niliviweka mwenyewe kwa sababu ukurasa wa tisa ulikuwa umepwaya.

Jumanne, 6 Agosti

Sikulala vizuri. Siku tano zimebaki.

Adui ameanza. Alawi, mwenye hoteli ya chai na gesti kando ya ziwa, ameweka viti sita na miavuli miwili ya mtumba kwenye mchanga. Amechora ubao: BICHI. Anamwambia kila mtu kwamba Mzungu hapandi ndege kuja kuangalia kuta, anakuja kulala kwenye mchanga. Nikamwambia maji yake yana viboko. Akasema historia yangu haina hata kiboko mmoja. Watu wakacheka! Nikaondoka kwa heshima.

Nimeamua: Bi. Kirsten asilione ziwa. Akiliona tu, Alawi atamvutia kwenye mwavuli na barua yangu itazama. Nimechora ramani ya matembezi yasiyokutana na maji. Kazi ngumu sana. Mji huu una maji pande tatu! Baada ya saa mbili na kifutio kizima nimebakiwa na mitaa mitatu, na mmojawapo inabidi kuupita kinyumenyume.

Usafiri nimepata. Mseti, anayebeba sangara kwa pikapu, atatuendesha. Malipo yake ni picha yake kwenye kitabu. Ameuliza kama anaweza kuvaa miwani.

Jumatano, 7 Agosti

Amefika. Mrefu, nywele za mvi, viatu vizito vya kijeshi. Akanisalimu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka mpaka nikaanza kukichunga changu. Nilikuwa nimevaa koti la sufu la mtumba. Jua kali mno. Sikulivua.

Matembezi yalianza vizuri. Nilimweka upande wa kulia, mimi kushoto, nikawa napanua koti kila tulipokaribia uwazi kati ya nyumba. Akauliza harufu ya samaki inatoka wapi. Nikasema kwenye pikapu. Kweli tupu! Akauliza kinachong'aa kule nyuma ya msikiti ni nini. Nikasema mabati mapya, siku hizi watu wanaezeka sana.

Kwenye boma la zamani nilimweleza kwamba lilijengwa na Wareno. Akauliza Wareno walifikaje huku. Nikasema walipotea. Akaandika kitu kifupi sana kwenye daftari lake. Nilijaribu kukisoma kichwa chini miguu juu, nikaona alama ya kuuliza tu.

Kisha msiba. Nilikuwa nimemtandikia kitanda chetu Nyakato, shuka lile la harusi. Akashukuru, akasema alishaweka chumba kwa simu tangu Mwanza. Wapi? Kwa Alawi! Chumba namba moja, dirisha likiangalia ziwa lote, kwa upana wake, mpaka mwisho wa macho.

Alisimama dirishani muda mrefu. Akaniuliza kwa upole kwa nini sikumwambia kwamba mji wangu umezungukwa na maji. Nikasema nilikuwa namtunzia ili ashangae. Alawi alikuwa mlangoni ameshika taulo la mgeni. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa taulo hilo.

Sijui atamwambia nini mgeni wangu usiku huu. Alawi anajua kila kitu. Alikuwepo kwenye harusi yangu. Anajua kabisa mimi ni mkwe wa wapi na naishia wapi.

Alhamisi, 8 Agosti

Bado ni wangu! Asubuhi nilimkuta amekaa chini ya mwavuli wa Alawi, miguu majini, nikajua nimekwisha. Lakini akainuka, akavaa viatu, akasema ameshaandika vitabu vitatu vya kukaa hivyo, twende Bunda. Alawi akasaga meno. Nilimpungia mkono nikiwa ndani ya pikapu mpaka hakuonekana tena.

Bunda nilikuwa nimeandaa ngome ya Waarabu. Kwa kweli ni kinu cha zamani cha kuchambulia pamba, milango imefungwa, paa limeanza kudondoka. Lakini kwa mbali, ukikaza macho, ni ngome. Nilieleza vita vyote. Nilionyesha mahali pa mizinga. Nilikuwa nimemfikisha sultani mlangoni, upanga mkononi, mlango ukafunguka, akatoka mzee mwenye ndoo.

Mlinzi! Jina lake Abdulkadiri. Akasikiliza kidogo, akasema mbele ya mgeni wangu kwamba hakuna sultani aliyefika hapa, kinu kilijengwa mwaka hamsini na nne, na matofali ya ukuta huu aliyabeba yeye mwenyewe kichwani akiwa kijana. Akainamisha kichwa kuonyesha mahali ambapo nywele hazijaota tangu wakati huo.

Nilitaka ardhi inimeze. Siku tatu zimebaki na mzee wa ndoo ananiharibia!

Bi. Kirsten akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Saa mbili nzima! Abdulkadiri akamweleza foleni za wakulima zilizofika barabarani, mizani iliyokuwa ikipunja, wimbo wa wapakiaji, mwaka ambao pamba ilioza kwa kukosa magari, siku umeme ulipokatwa na watu wakaendelea kukaa ndani wakiusubiri. Mambo ya kawaida kabisa. Mimi mwenyewe nayajua. Bi. Kirsten alijaza kurasa tisa. Nilihesabu. Kwa sultani wangu hakuandika hata mstari.

Wazungu hawatabiriki. Labda ni ile ndoo iliyompendeza. Nimwambie Mseti aweke ndoo mbili kwenye pikapu.

Wakati wa kurudi akasema sasa anaingoja hiyo saa ya Butiama. Nikahesabu nguzo za simu mpaka Nyakato.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya hatari kuliko zote.

Bi. Kirsten alisema leo atapumzika na kuandika. Nafasi! Dari ya kuchongwa siiwezi kwa siku moja. Kitanda cha shaba siwezi. Lakini saa ya ukutani ipo moja mjini, nzuri, ya mbao, inapiga kila nusu saa. Iko kwenye hoteli ya Alawi, juu ya birika la chai.

Nilingoja aende kuswali. Mkewe, Mwanaupe, alikuwa kaunta. Nikamwambia saa inachelewa, nimetumwa niipeleke kwa fundi. Akasema mbona haichelewi. Nikasema ugonjwa wa saa huanzaga hivyohivyo. Dakika tano baadaye ilikuwa kwenye gunia langu, inapiga saa saba barabarani, na mimi nakohoa kuifunika.

Mseti alinifikisha Butiama kabla ya saa tisa. Tulipita mbali kabisa na nyumbani kwa Mwalimu na askari wake, mimi si mwendawazimu. Karibu na mji wa wakwe nikamwona Mama Getruda anakuja na kuni. Nikajitupa kwenye mihogo, gunia na mimi. Saa ikapiga ndani ya mihogo! Akasimama, akaangalia mihogo, akaendelea na safari yake. Ana heshima sana yule mama.

Shemeji Magige nilimkuta zizini. Nikamwomba anitundikie saa ndani, ukutani, mahali pa kuonekana. Akauliza: "Hii ni ya Mama?" Nilikuwa na haraka. Nikajibu: "Ndiyo, ya Mama."

Mjinga mimi! Mjinga! Majirani watatu walisikia. Kitu ambacho mkwe amemletea mama mkwe kikishavuka mlango wake, hakitoki tena. Kukirudisha ni sawa na kuikana ndoa kwa mdomo wako mwenyewe. Magige akaingia nayo. Halafu vigelegele! Miaka tisa nimepeleka sukari, kanga na blanketi, sijawahi kupigiwa hata kimoja. Sauti ya Mama Getruda ilipita dirishani, inamshukuru Mungu kwa mkwe aliyefikiria kumletea saa.

Na saa ni ya Alawi.

Dafroza akaja na kibuyu cha maziwa. Amekonda kidogo. Akasimama upande wa pili wa boriti za zizi, akaniuliza swali moja: "Baba Justina, kazi unayo au hauna?"

Nikasema Jumapili atajua. Akasema kwangu kila kitu huwa Jumapili. Akaniuliza ile saa nimeitoa wapi. Nikaangalia ng'ombe. Akaangalia ng'ombe na yeye. Halafu akasema mama yake amefurahi, na ndicho kinachomuuma, kwa sababu akijua ukweli ataumia. Hakupandisha sauti hata kidogo. Akaenda zake.

Nampenda mwanamke huyu. Nilitaka kulia pale pale mbele ya mifugo ya watu.

Jumamosi, 10 Agosti

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa hakijatulia.

Asubuhi Alawi alikuwa amekaa nyuma ya pikapu. Macho mekundu. Anafuata saa yake, akasema, na hashuki. Nikamwomba ashuke. Hakushuka. Ikabidi twende hivyo: Mseti na miwani yake, Bi. Kirsten katikati, mimi dirishani, Alawi nyuma pamoja na ndoo mbili.

Njiani Bi. Kirsten akaniuliza kama saa ile inapiga kila nusu saa kweli. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimeshaisikia kwa masikio yangu. Nikasema miaka mingi. Hilo pia ni kweli, nilikuwa nakunywa chai chini yake. Akanitazama. Akasema Alawi amemweleza kuhusu wakwe na nyumba. Nilijifanya naangalia mtama. Lakini hakumwambia Mseti ageuze gari.

Tulipofika, Alawi akaruka chini, akajitengeneza kofia, akaelekea nyumbani kwa hatua za mtu anayedai haki yake. Mlangoni akapokewa na wanawake watano. Wakamwambia amekuja siku njema, aone saa ambayo mkwe wao amemletea mjane. Wakamshika mkono. Wakampa maziwa. Nilimwona mdomo wake ukifunguka na kufungika. Alawi ni mshindani lakini si mtu asiye na adabu, hawezi kumnyang'anya mama mjane zawadi mbele ya majirani. Akarudi polepole, akakaa kando yangu zizini. Bi. Kirsten akaingia ndani na Mama Getruda na Dafroza. Mlango ukafungwa.

Tukakaa, mimi na adui yangu, tukisikiliza saa yake ikipiga saa nne. Halafu saa nne na nusu. Akasema ilikuwa ya marehemu baba yake. Nikasema ina sauti nzuri. Akavua kofia, akaiweka gotini.

Mara nyingine sauti ya Mama Getruda, ndefu, siisikii vizuri. Wanafanya nini? Dari hakuna! Kitanda hakuna! Kwa nini hatoki? Nililowa jasho kwenye lile koti.

Saa tano ikaanza kupiga. Moja. Mbili. Halafu kishindo kikubwa, mawe yakianguka, na Dafroza akapiga kelele.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri kitu. Niliruka boriti, nikavuka uwanja, nikasukuma mlango, nikajikuta nimo. Ndani! Katika chumba! Vumbi tupu. Ukuta umepasuka pale Magige alipopigilia msumari, mawe mawili yapo chini na saa juu yake. Dafroza mzima. Nilimshika mikono yote miwili, nikamwuliza kama ameumia, nikamwuliza tena. Akasema hajaumia. Nikageuka.

Mama Getruda alikuwa ameketi kitandani kwake, kichwa wazi, hana kilemba.

Macho yetu yakakutana. Miaka tisa! Akavuta kanga akajifunika uso mzima. Mimi nikajifunika kwa kola ya koti. Nje wanawake wakaanza kupiga mayowe. Magige akanishika shingoni na kunitoa kinyumenyume.

Lakini nilikuwa nimeona. Hakuna dari ya kuchongwa. Kuta zote, kutoka chini mpaka juu, zimebandikwa magazeti kwa uji wa muhogo. Magazeti juu ya magazeti! Ya wakati wa Mwingereza yameshakuwa rangi ya chai. Bendera ya Uhuru. Wanajeshi wa vita vya Kagera. Tangazo la sabuni ambayo haikupatikana. Karibu na mlango, la wiki iliyopita. Kumbe kila mwaka Mama Getruda anabandika, na anakumbuka kila ukurasa kilitokea nini ndani ya nyumba siku alipoubandika: nani alizaliwa, nani alizikwa, lini walikula ugali bila mboga mwezi mzima. Ndiyo aliyokuwa akimsimulia mgeni saa nzima. Bi. Kirsten alimaliza daftari akaomba karatasi nyingine.

Nimetozwa kondoo mweupe wa kuondoa aibu. Kesho nije kwenye kikao, lakini nisionekane. Bi. Kirsten amebaki kulala kwa Mama Getruda. Wakati tunaondoka akaniambia ndani hakuona kitanda cha shaba. Nikasema labda kimeibiwa.

Alawi amerudi na saa yake? Hapana. Imevunjika kioo lakini bado inatembea, na Mama Getruda ameiweka mezani.

Jumapili, 11 Agosti

Walinikalisha nyuma ya ghala la mtama, mgongo umegeukia watu, ili Mama Getruda akae kwa amani. Ndoa yangu imejadiliwa nikiwa naangalia kuku.

Shemeji Magige alifungua kikao. Akasema mtu huyu "anaongeaga tu, tangu tumjue anaongeaga." Akaomba karatasi. Nilifungua mdomo, nikakumbuka siruhusiwi kusema.

Kisha nikasikia sauti ya Bi. Kirsten. Akasema barua anayo, ameiandika usiku na kuigonga muhuri wa kampuni. Ee Mungu! Akaisoma. Kampuni itawapeleka wageni wake Butiama na Bunda, wachache wachache, waione nyumba ya magazeti na wazungumze na watu wenyewe. Wakala ameteuliwa. Nilishusha pumzi. Akataja jina.

Dafroza.

Nilidhani nimesikia vibaya. Alirudia. Dafroza, pamoja na mama yake. Mzee Abdulkadiri wa Bunda ametajwa. Mseti ametajwa! Mimi sikutajwa mahali popote.

Magige akacheka kwa sauti. Akasema basi mambo yamejimaliza, dada ana kazi na mume hana, sasa mume wa nini? Nilimwangalia jogoo mmoja mwekundu nikajiambia nisilie, mkwe halii kwa wakwe.

Ndipo Dafroza akaongea. Akasema mumewe ni mwongo, hilo halina ubishi, na saa ile ameshajua ni ya nani, na wataona namna ya kumpoza mwenyewe. Akasema lakini jana ukuta ulipoanguka, mumewe alijua sheria, alijua kuna kondoo, alijua kuna aibu ya kusimuliwa mpaka Murangi, kijijini kwa ndugu zake. Akaingia. Akauliza kama kuna mwanamume pale uwanjani ambaye mguu wake ulitikisika kabla ya wa huyu mume wake, Alfonce. Akauliza yule mwenye mashine ya kusaga, ambaye naye jana alikuwepo amekaa kwenye kivuli, alisimama lini?

Alikuwepo! Sikumwona hata kidogo.

Halafu sauti ndogo ya Mama Getruda, chini ya kanga: mkwe aliyeingia kwa sababu hiyo, kondoo wake atakuwa mdogo.

Masharti ya Dafroza: atarudi Nyakato. Yeye ndiye wakala. Wageni wakija mimi nitachota maji, nitafagia uwanja na kuishia zizini. Na nisimwandikie mtu yeyote barua tena, kamwe. Nilikubali kwa sauti kutoka nyuma ya ghala kabla hajamaliza, kuku wakatawanyika.

Jumanne, 13 Agosti

Dafroza yupo nyumbani! Anachekecha unga na kuimba polepole. Justina ameshavunja kikombe. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nikiangalia nyuma, mpango wangu umefanikiwa asilimia mia. Nilisema barua ya kazi itaingia katika familia kabla ya Jumapili. Imeingia! Watu hawapendi kukiri akili ya mwenzao, basi.

Bi. Kirsten aliondoka jana kwa basi la Mwanza. Wakati wa kuagana akaniambia jambo kwa uzito sana: kitu cha kweli hakihitaji kupambwa. Maneno mazuri mno. Nimeyanakili, yatafaa kwenye tangazo.

Leo asubuhi nimevaa koti. Dafroza akauliza naenda wapi. Nikasema kununua chumvi. Akaniuliza kama siendi kuandika barua. Nikamtazama machoni nikamwapia kwamba siandiki barua, na siandiki, kwa sababu posta wana telegramu. Aliniamini. Alinitengeneza hata kola.

Nimezipigia telegramu kampuni tatu za watalii, moja Nairobi na mbili London. MJI WA KALE WA MAWE KISIWA CHA RUKUBA. NGAZI ZA MARUMARU. KASRI LA MALKIA. VITANDA ISHIRINI. NJOONI UPESI. Rukuba, huko ziwani kwetu, sijawahi kufika, lakini ni kisiwa kikubwa kiasi, hakiwezi kukosa kitu.

Karani aliuliza aandike jina gani la mwenyeji. Nikampa la Dafroza, maana ndiye wakala. Atafurahi sana wakija.